Kiberenge cha Ami Nasor

Nilifika Ibra siku ya tatu ya msiba, siku ya mwisho, watu wakiwa wameanza kuaga. Ami Nasor alikuwa amezikwa juzi yake asubuhi, na mimi wakati huo nilikuwa Mwanza, nazunguka kama ninavyozunguka kila mwaka, bila kazi ya kunishika wala mtu wa kuniuliza nitarudi lini. Kabla ya kwenda sablani, ukumbi wa mtaa walikokaa wanaume, nilipitia nyumbani kwake, nikasimama nje ya pazia la chumba cha ndani alimokaa eda mkewe, Bi Zuwena. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa ile sauti yake ya Unguja mjini, ambayo miaka hamsini ya Omani haijaigusa. Hakunilaumu kwa kuchelewa. Aliniambia kwamba Mubarak yumo sablani tangu asubuhi, kaletwa na mjukuu wake kutoka Mudhaibi, kakaa pembeni na hasemi na mtu. Nikasikia tasbihi yake inagonga kitanda. "Seif," akasema, "mimi nimenyamaza miaka ishirini na sita kwa kuwa mume wangu alitaka ninyamaze. Sasa mwenyewe kaondoka. Ukitaka kumwambia, mwambie. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Lakini leo ndiyo siku yako, na mimi humu sitoki kuja kukusaidia."

Nilipita uani, nikavua viatu, nikavivaa tena, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta kama mtu anayetafuta pa kuegesha gari. Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ule. Sasa nina arobaini na mitano, nimelala katika miji ambayo majina yake siwezi kuyakumbuka yote, na katika kila mji nimejaribu kujieleza mwenyewe mambo ya Sur kwa namna ambayo ingenipa nafuu. Sikupata. Kwa hiyo nayaandika kama yalivyokuwa.

Nilikwenda Sur, mji wa pwani ya Omani, baada ya kumaliza sekondari na alama zisizotosha chuo kikuu. Nyumbani walisema nikamsaidie Ami Nasor kwa mwezi mmoja, nikakaa mwaka. Yeye alikuwa ameacha kazi ya ofisi ya serikali mapema, na alikuwa na wazo ambalo kila aliyelisikia alimwangalia mara mbili. Alizaliwa na kukulia bara, upande wa Tanga, nyuma ya duka lililotazamana na shamba kubwa la mkonge. Huko utotoni mwake majani ya mkonge yalibebwa na viberenge, vigari vidogo vya reli vilivyovutwa na nyumbu, na asubuhi msimamizi aliwaachia watoto wa jirani wadandie hadi shuleni, wamekaa juu ya majani yanayochoma. Ami alisema hajawahi kusafiri vizuri tena baada ya pale. Alipanda ndege, alipanda magari ya kila aina, lakini hakuna kilichompa ile hali ya kwenda huku unamsikia mnyama anapumua. Basi akataka kuuwekea mji wa Sur reli: kilomita mbili tu, kando ya bahari, kutoka karibu na soko mpaka kule wanakokaa watu jioni, na kiberenge cha kuvutwa na farasi.

Chumba cha wageni cha nyumba yake kiligeuka ofisi ya kampuni. Ukutani palikuwa na ramani aliyoichora kwa mkono, vituo vitano vimetiwa wino mwekundu, na chini yake, juu ya makochi ya kijani ambayo Bi Zuwena aliyanunua kwa ajili ya wageni wa heshima, zilikaa hatamu, mikanda ya ngozi na makopo ya grisi. Bi Zuwena alikuwa akiingia na chetezo cha ubani, anazunguka nacho chumba kizima, anatoka bila kusema neno. Maneno aliyaweka kwa ajili ya chakula. Tulikula chini, chakula cha mchana kilikuwa mara nyingi wali wa nazi na mchuzi wa papa mkavu, na hapo ndipo vita yao tamu ilipopiganwa. Yeye mtu wa mjini hakukubali Kiswahili cha mumewe. Neno lenyewe kiberenge alisema ni la porini, na kwamba kwao Unguja bibi yake alipanda treni ya kweli, yenye moshi. Ami akamjibu kwamba moshi anaweza kumtilia, amwazime tu chetezo. Nilicheka mpaka papa akanipalia, na Bi Zuwena akanigonga mgongo huku naye anacheka, anageuza uso ili mumewe asimwone.

Kibali kilitoka, cha majaribio, cha mwaka mmoja. Reli alizipata kwenye mgodi uliofungwa huko kaskazini, nyembamba, zenye kutu, zilizokuwa zikipitisha mikokoteni ya mawe. Kiberenge chenyewe kiliundwa na fundi mmoja mzee wa Sur aliyekuwa ameunda vyombo vya baharini maisha yake yote na hakujua kutengeneza kitu chenye ubavu ulionyooka, kwa hiyo mbavu zake zilibinuka nje kidogo, na watu wa mji wakauliza kama tunangoja maji yajae ndipo tuondoke. Kulikuwa na mabenchi sita, paa la turubai, na kengele iliyotoka katika shule moja ya zamani. Mimi nilikata tiketi, nilipiga kengele, nilifagia mavi ya farasi kwenye njia kabla watu wa baladiya, yaani manispaa, hawajayaona. Wiki mbili za kwanza tulikwenda na kurudi bila abiria, na vijana waliokuwa wakipita kwenye pikapu zao wakapunguza mwendo ili watuangalie. Wiki ya tatu akaja mama mmoja na watoto saba. Baada ya hapo Alhamisi na Ijumaa jioni watu walisimama kwenye foleni.

Lakini kampuni ile isingekuwako bila Mubarak. Alikuwa bedui wa Mudhaibi, wakati ule na miaka kama hamsini na tano, mwembamba, ndevu zimekatwa fupi, hajui Kiswahili hata kidogo. Ami alikutana naye kwenye mnada wa wanyama, wakabishana kuhusu jino la farasi, na kufikia adhuhuri walikuwa wanakula sahani moja. Mubarak ndiye aliyetuletea farasi wetu wawili. Wa kwanza alikuwa dume mzee wa rangi ya vumbi, tuliyemwita Karani kwa sababu ikifika saa saba na nusu mchana, wakati ofisi za serikali zinapofungwa, alikuwa anasimama popote alipo na hasogei. Wa pili alikuwa Ghazala. Huyo hakuwa mali ya kampuni. Alikuwa jike la Mubarak mwenyewe, jekundu lenye alama nyeupe usoni, amezaliwa mikononi mwake, na alimleta kama mchango wake katika shughuli ya rafiki yake. Alisema hivyo wazi: nimekuletea nilicho nacho.

Ghazala alikuwa farasi wa ardha. Asiyeijua Sharqiyah, mkoa wetu wa mashariki, pengine hajaiona: siku za Idi na za harusi wenye farasi wanakusanyika kwenye uwanja mrefu, wanaimba wimbo wao wa taratibu wakiwa juu ya farasi, halafu wanatoka wawili wawili, bega kwa bega, mbio za kukata pumzi, na katikati ya mbio mpandaji mmoja anasimama wima juu ya mgongo wa farasi wake na kumshika mwenzake begani. Farasi wa namna hiyo hafundishwi kwa kiboko. Anafundishwa kwa wimbo, na kwa kuwekwa mwenzake ubavuni. Akiyapata yote mawili, anajua kazi yake ni nini. Kwa sababu hiyo Mubarak alikuwa na utaratibu wake wa kufunga, na alinifundisha siku ya kwanza kabla hata hajaniuliza jina. Farasi wetu hawakufungwa sambamba. Karani alitangulia mbele, Ghazala nyuma yake, ili asimwone mtu ubavuni. Na siku ambayo kuna ardha popote karibu na mji, Ghazala hafungwi kabisa. Watu waliojua farasi walitucheka, kwa kuwa wawili wakivuta sambamba wanavuta vizuri zaidi na wanapendeza. Mubarak aliwaacha wacheke.

Nikiulizwa leo furaha ina sura gani, nitasema ni wale wazee wawili baada ya alasiri, kwenye mkeka nje ya banda, buli la kahawa katikati na sahani ya tende. Mimi nilikuwa ndani ya ofisi napanga tiketi, dirisha wazi, nawasikia. Mubarak alikuwa akisema kwamba hakuna kabila lenye haya linalomfunga farasi kwenye chuma, na kwamba akifa ataulizwa. Ami akamwambia atakwenda kumtolea ushahidi, atasema farasi mwenyewe aliomba kazi. Wakamimina tena. Halafu mmoja akaanza habari ya mvua, au ya goti lake, au ya mtoto wa mtu anayetaka kuoa. Ami na Bi Zuwena hawakujaliwa mtoto, na Mubarak ndiye mtu pekee niliyemsikia akimwuliza Ami jambo hilo bila kumwumiza. Katika mwaka mzima alijifunza neno moja la Kiswahili, polepole, na alilitumia kwa farasi, kwa abiria, na siku moja kwa Bi Zuwena aliyekuwa anamkaripia mumewe dirishani. Bi Zuwena alinyamaza kweli.

Mimi nilikuwa na jambo langu, na ni dogo kiasi kwamba naona haya kuliandika. Wale vijana wa pikapu. Walikuwa rika langu, baadhi yao tuliswali msikiti mmoja. Kila walipopita walipiga honi na kuuliza punda wa Waswahili leo wanakwenda wapi. Hawakuwa wabaya, walikuwa na miaka kumi na tisa kama mimi. Lakini nilizaliwa nchi hii, na Kiarabu changu kilikuwa kama chao, ila nikirudi nyumbani nazungumza Kiswahili, na kwao hilo lilitosha. Usiku na mchana nilitunga majibu ya kuwapa. Nilichotaka hasa ni wanione siku moja tu nikiwa na farasi wa kweli mikononi, farasi wa nchi yao, anayenitii.

Idi ikaja, kibali kikiwa kimebakiza wiki chache. Mubarak alirudi Mudhaibi kwa watu wake. Ghazala hakwenda naye, maana alikuwa na mimba changa, naye hakutaka apelekwe kule akasikie ardha na kuhangaika. Alinikabidhi mimi. Alinishika bega akasema nimwogeshe, nimtembeze asubuhi kwa kamba, nisimfunge. Ami naye aliniambia vilevile asubuhi ya Idi tatu, kabla hajamchukua Bi Zuwena kwenda Ras al Hadd kula shuwa, nyama ya kuokwa shimoni, kwa jamaa zake. Alisema kiberenge leo kinapumzika, watu wakija waombe radhi.

Watu walikuja. Alasiri foleni ilifika barabarani, watoto na nguo zao mpya, na katikati yao walikuwapo mabwana wawili wa baladiya na familia zao, wale ambao sahihi yao ilikuwa inangojwa. Nikasema moyoni kwamba nitamfunga Karani peke yake, safari moja tu. Karani alitembea hatua kumi akasimama. Ilikuwa sikukuu na alijua. Kundi la vijana wangu lilikuwa limekaa juu ya ukuta wa bahari wanakula mishkaki, na mmoja akasema, si kwa sauti kubwa hata, kwamba punda bado kafunga saumu. Kila mtu akacheka, hata mabwana wa baladiya. Nikaingia bandani, nikamtoa Ghazala. Na kwa kuwa nilitaka waone, sikumfunga nyuma. Nilimfunga ubavuni mwa Karani, sambamba, na nikampiga brashi mpaka akang'aa. Ukuta ule wa vijana ulinyamaza. Nakumbuka ule ukimya, na nakumbuka kwamba ulinifurahisha.

Tulikwenda vizuri mpaka kituo cha tatu. Karani alijitahidi kwa kuwa ana mwenzake. Pale uwanja wa mchanga unapofunguka kuelekea mjini, wapanda farasi kama kumi na tano walikuwa wanajipanga, na mimi nilikuwa sina habari kwamba mwaka ule Sur nao wanafanya ardha yao. Sikuuliza. Wakaanza kuimba. Nilihisi hatamu zimekuwa nyepesi mikononi, kwa sababu Ghazala aliacha kuvuta na kusimamisha masikio, na akageuza kichwa kidogo kumtazama Karani, kuona kama yuko tayari. Jambo hilo sijapata kulisahau. Alikuwa anamngoja mwenzake. Kisha akatoka mbio. Nilipiga kelele lile neno la Mubarak, polepole, polepole, na abiria wengine walidhani ni mchezo wa sikukuu, wakashangilia. Kwenye kona ya kituo cha nne kiberenge kiliacha reli. Hakuna aliyekufa. Binti mdogo alivunjika mkono, mama mmoja alichanika paji la uso, wengine walikwaruzwa. Karani alikaa chini mchangani kama mbwa. Ghazala alikuwa amejiviringisha katika mikanda, anajaribu kusimama, na mguu wake wa mbele ulikuwa unakwenda upande ambao mguu hauendi.

Watu waliwapigia simu. Mubarak alifika kabla ya magharibi, na Ami alikuwa amemtangulia kwa dakika chache tu. Watu walikuwa wameshaondoka na majeruhi wao. Nilikuwa nimekaa mchangani, kichwa cha Ghazala mapajani. Mubarak alipiga magoti, akaupapasa ule mguu mara moja, halafu akaweka kiganja tumboni mwa farasi na kukiacha hapo muda mrefu. Aliuliza bila kuinua uso ni nani aliyemfunga. Nikafungua kinywa.

"Mimi nilimwamuru," Ami akasema. "Kabla sijaondoka. Watu wa baladiya walikuwa wanakuja."

"Sambamba?"

"Sambamba."

"Na ulijua."

"Nilijua, ya Mubarak."

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu, na hata sasa naiona pale ilipokuwa, kwenye ulimi. Ami hakunitazama hata kidogo, na mimi nikakubali kutotazamwa. Mubarak akaenda kwenye gari lake akarudi na bunduki, akatuambia tuondoke, tukaondoka. Tulikuwa tumefika banda la farasi tuliposikia. Alipokuja baadaye kuchukua matandiko yake, Ami alimwambia salaam alaikum. Mubarak alimpita. Mtu yule ambaye hakuwahi kuacha kuitikia salamu ya mtoto wala ya mwendawazimu wa soko alipita kana kwamba palikuwa na ukuta.

Kibali hakikuongezwa, na Ami hakuomba. Reli ziling'olewa kabla ya mfungo uliofuata. Kiberenge alikinunua mwenye mkahawa mmoja, akakiwekea viti, mpaka mchwa walipokimaliza. Siku moja tukiwa tunabandua ile ramani ukutani nilimwambia Ami kwamba nitakwenda Mudhaibi kusema kweli. Alikuwa juu ya ngazi, msumari mdomoni. Akautoa. "Wewe ndiyo kwanza unaanza kuishi na watu hawa," akasema. "Jina likikuharibikia katika nchi ya farasi, halitengenezeki. Mimi nina Zuwena wangu, nikichukiwa na mtu mmoja nitazoea." Alidhani ananinunulia maisha ya hapa. Miezi minne baadaye niliondoka Sur, mwaka uliofuata nikaondoka Omani, na toka wakati huo sijakaa mahali popote muda wa kutosha kupata jina la kuharibika.

Wala Ami hakuzoea. Hilo nililijua kwa vipande, kila niliporudi. Walihamia Ibra, na Bi Zuwena aliniambia kwamba Ibra haikuchaguliwa kwa sababu nyingine yoyote ila ni karibu na Mudhaibi. Kila Idi Ami alimtuma mtu na halwa kwa Mubarak. Sahani ilirudi imejaa vilevile. Walikutana mara mbili, kwenye harusi na kwenye maziko ya mtu mwingine, na mara zote mbili Ami alitoa salamu mbele ya watu na haikuitikiwa. Dini haimruhusu mtu kununa hata wiki, na Mubarak alikuwa mtu wa dini, kwa hiyo tulijua jinsi jambo lile lilivyomkaa. Bi Zuwena alimsihi mumewe aseme. Alijibu kwamba sasa akisema ataonekana anamsukumia kijana kosa ili asamehewe.

Niliingia sablani. Walikuwa wamebaki watu kama ishirini, migongo ukutani, kahawa inazunguka. Niliwapa mkono wote kwa mpangilio, kuanzia kulia, nikisema maneno ya rambirambi, na kwenye pembe nikaushika mkono wa Mubarak, mkavu, mwepesi kama tawi la mtende lililokatwa mwaka jana. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Nilipojitaja, Seif, wa kiberenge, hakuuachia mkono wangu. Alinivuta nikae.

Alizungumza yeye kwanza. Alisema kwamba aliposikia habari hakula siku nzima. Kwamba njia yote kutoka Mudhaibi alikuwa akimwambia Mungu: nimemsamehe Nasor, nimemsamehe, yule mnyama nimemwachia. Alisema jambo hili lilikuwa limemkaa kooni miaka yote na leo asubuhi, kwenye gari, limeshuka. Uso wake ulikuwa umepumzika. Aliniuliza kama nadhani marehemu anapata habari. Kijana wa kahawa alimmiminia, akanywa, akakitikisa kikombe kuonyesha kwamba ametosheka, akakirudisha.

Nilifikiria kunyamaza. Sidanganyi. Mzee wa miaka themanini na ushei amepata usingizi wake, nani mimi wa kumwamsha. Lakini yule aliyekuwa anasamehewa hakuwa amefanya kitu. Nilikuwa nimemwacha achukiwe kwa jambo langu, na sasa ningemwacha asamehewe kwa jambo langu, na kwa mtu kama Ami Nasor sijui lipi lilikuwa zito zaidi. Nikamwinamia kwenye sikio lake moja linalosikia. Nikamwambia yote, kwa mpangilio: foleni, Karani, kicheko, brashi. Kwamba Ami alikataza. Kwamba aliyoyasema pale mchangani aliyasema ili anifunike.

Hakuuachia mkono wangu, ila wake uliacha kunishika. Alikaa hivyo mpaka yule wa kahawa akamaliza duara zima na kurudi. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "ningekuchapa. Wallahi ningekuchapa mpaka uchanike. Halafu ningelia, halafu jioni tungekunywa kahawa, mimi na yeye."

Nikasema ndiyo.

"Nimekuja masafa yote haya kumsamehe mtu."

Aliuliza fimbo yake iko wapi, nikampa. Alimwambia mjukuu wake abaki, akaniambia mimi nimpeleke kaburini.

Makaburi ya Ibra yako nje ya mji, kwenye ardhi ya kokoto chini ya kilima, hakuna ukuta, hakuna miti. Nilimsaidia kushuka garini. Wanaoijua nchi hii wanajua kwamba kwetu kaburi haliandikwi jina. Ni tuta na jiwe kichwani na jiwe miguuni, basi, la tajiri na la maskini. Upande wa chini palikuwa na matuta matatu mapya, udongo bado una rangi tofauti, yaliyofanana kama mikate ya tanuri moja. Mubarak alisimama akaniuliza ni lipi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sijui. Sikuwapo. Nilitoa simu nimpigie mmoja wa waliozika, naye akaweka mkono wake juu ya ile simu.

"Acha," akasema. "Umeshasaidia."

Akaenda peke yake, anapapasa kokoto kwa fimbo. Nilibaki mlangoni mwa gari. Alisimama kwenye tuta la kwanza, akasema kwa sauti iliyonifikia mpaka pale, "Salaam alaikum, ya Nasor," akanyamaza. Akaenda la pili akasema vilevile, akanyamaza. Akaenda la tatu. Kila mahali alikaa kimya muda ule ule, kichwa kimeinama upande wa sikio lake zima, kama mtu anayengoja kuitikiwa.